Ukingo wa Maji Unaohama: Ghuba ya Kigoma na Watu wa Mwambao Wake

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa Ujiji na wa Kigoma, mama zetu wa mialoni, wavuvi, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote kwa heshima na nawashukuru kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie jiografia ya ghuba yetu pamoja na jamii zinazoishi kuizunguka. Mada hii ni pana, na mtu akitaka kuimaliza yote ataishia kuorodhesha milima, mito na makabila huku wasikilizaji wakisinzia. Kwa hiyo nimeamua kushika jambo moja, nalo ni kwamba ukingo wa Ziwa Tanganyika hauko mahali pamoja. Maji hupanda, hushuka, hukaa kimya kwa miongo kadhaa hata watu wakasahau, kisha hupanda tena. Kila yalipohama yalihamisha masoko, bandari na makazi ya watu. Pamoja na hayo, sisi tunagawa viwanja, tunajenga na kupima mipaka kana kwamba mahali maji yalipo leo ndipo yalipokuwa jana na ndipo yatakapokuwa kesho. Nataka kueleza kwa nini hilo si kweli, nani hulipa gharama ya kusahau, na nini tungeweza kufanya hapa hapa Kigoma.

Tuanze na mahali penyewe. Ghuba ya Kigoma ni mkunjo wa nchi katika mwambao wa mashariki wa ziwa, uliokingwa upande wa kusini na rasi ya Bangwe na kuachwa wazi kuelekea milima ya Kongo, ile tunayoiona vizuri siku ambazo mvua imesafisha hewa na kuipoteza kabisa wakati wa kiangazi, moshi na vumbi vinapotanda. Vilima vinavyoizunguka ghuba vinashuka kwa ukali hadi majini, na mteremko huo unaendelea chini ya maji, ndiyo maana meli kubwa inaweza kusogea karibu sana na nchi kavu bila kupanda mchangani. Hiyo ni kazi ya Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia kwa muda wa mamilioni ya miaka, ukabaki ufa mrefu wenye kuta zilizosimama, na maji yakaujaza. Ziwa lililotokea lina urefu wa kilomita zipatazo 670, upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, na kina kinachofika mita 1,470 mahali palipo na kina zaidi, likiwa la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Takribani asilimia 16 ya maji baridi yaliyo juu ya uso wa dunia, ukiacha yaliyoganda kuwa barafu, yamo ndani ya ziwa hili tunalogawana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

Sasa tazameni jinsi mwambao wetu unavyobadilika sura ndani ya mwendo mfupi tu. Ukitoka Kibirizi kwenda kaskazini, kupita Gombe mpaka Kagunga kwenye mpaka wa Burundi, milima imeingia majini, vijiji vimebanwa katika vipande vyembamba vya ufukwe, na njia ya uhakika ya kufika huko ni boti. Ukienda kusini, ukavuka Bangwe na Katonga, nchi inafunguka. Ujiji umekaa kwenye mteremko wa taratibu, na baada yake mto Luiche unamwaga maji yake katika uwanda wenye rutuba, wenye mashamba ya mpunga na michikichi, mahali ambapo mtu anaweza kutembea hatua nyingi ndani ya ziwa na maji yakawa bado kifuani. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika habari yetu. Penye mwamba uliosimama, ziwa likipanda mita moja linameza hatua chache tu. Penye uwanda, mita hiyo hiyo inameza mtaa.

Na kwa nini ziwa hupanda na kushuka? Linapokea mvua inayonyesha juu ya uso wake pamoja na maji ya mito, mikubwa ikiwa Malagarasi upande wetu na Ruzizi unaoteremka kutoka Ziwa Kivu. Maji yanayoondoka, kwa sehemu kubwa mno, huondoka kama mvuke kwa nguvu ya jua na upepo. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo na kuyapeleka maji yetu katika mfumo wa mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Chukueni mfano wa beseni kubwa lililojaa karibu na ukingo, lenye tundu dogo lililotobolewa ubavuni juu kabisa. Mvua ikizidi kwa misimu kadhaa mfululizo, tundu hilo haliwezi kutoa ziada yote kwa haraka, na maji yatapanda tu. Na tundu lenyewe likiziba, hakuna wa kuyazuia.

Ndivyo ilivyotokea katika karne ya 19, na historia hiyo natamani kila mtoto wa Kigoma aifahamu kabla hajamaliza shule ya msingi. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, walikuta mji wa biashara kwenye ufukwe wa ziwa ambalo mlango wake wa kutokea ulikuwa umezibwa na matope na matete. Mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Lukuga na kutambua kwamba hapo ndipo maji yangetoka. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, ambaye alikutana na mmisionari David Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871, alirudi mwaka 1876 akaandika kwamba michikichi aliyoiona sokoni safari ya kwanza sasa ilikuwa imesimama ndani ya ziwa. Hebu tafakarini neno hilo kidogo. Katika miaka mitano tu soko la mji mashuhuri kuliko yote katika mwambao huu lilikuwa limeanza kuliwa na maji, na wale waliokuwa wakiuza hapo walikuwa wamekwisha kusogeza biashara zao nyuma.

Mwaka 1878 kizuizi cha Lukuga kilibomoka. Mmisionari Edward Hore, aliyeishi Ujiji na kupima ziwa kwa uvumilivu mkubwa, pamoja na mvumbuzi Joseph Thomson, walifika Lukuga mwaka 1879, kila mmoja kwa safari yake, na kukuta maji yakitoka kwa kasi. Katika muda usiozidi miaka 20 ziwa lilishuka takribani mita 10. Mwaka 1876 mfanyabiashara wa Ujiji alikuwa akiogopa mafuriko, na kabla ya karne kwisha mwanawe alikuwa akitembea mbali kuyafuata maji ambayo baba yake aliyakimbia. Leo mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley umebaki ndani ya mji, ilhali siku walipokutana watu hao maji yalikuwa karibu.

Sisemi kwamba kuhama kwa maji peke yake kuliishusha Ujiji. Kulikuwa na kukomeshwa kwa biashara ya watumwa na kufifia kwa biashara ya pembe za ndovu, na kulikuwa na utawala wa Wajerumani uliokuja na mipango yake. Lakini walipotafuta mahali pa kumalizia reli waliyoanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walihitaji maji ya kina yaliyokingwa na upepo, na ufukwe bapa wa Ujiji haukuwa nayo tena. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, umbali wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka bahari. Kwa reli hiyo ilisafirishwa, ikiwa vipande ndani ya makasha, meli iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikaunganishwa hapa, ikashushwa majini mwaka 1915, na mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha walipokuwa wakikimbia, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mtu kati ya Kagunga na Mpulungu ya Zambia analijua. Ghuba yenye kina ndiyo iliyoifanya kazi hiyo yote iwezekane.

Wenzetu wa mbali hutuita mwisho wa reli. Kwa anayepanda treni Dar es Salaam ni kweli. Kwa anayetazama kutoka majini, Kigoma ni katikati: Bujumbura kaskazini, Kalemie ng'ambo, Mpulungu kusini, na njia zote zinakutana ghubani.

Nizungumzie sasa watu, kwa sababu mwambao huu haukukaliwa na jamii moja iliyokuwepo tangu zamani na kubaki peke yake. Wenyeji wa vilima na nyanda za juu nyuma yetu ni Waha, wakulima na wafugaji waliokuwa na falme zao za Buha, na ndugu zao wa karibu Wajiji walikaa huku chini karibu na maji. Upande wa Malagarasi wako Wavinza, wenye chemchemi za maji ya chumvi huko Uvinza, ambako wataalamu wa mambo ya kale wamegundua kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kusini, kuelekea Mahale, wako Watongwe. Kutoka ng'ambo walikuja Wabembe, Wabwari wa rasi ya Ubwari, na Wamanyema wengi kutoka ndani zaidi ya Kongo. Kutoka pwani ya Bahari ya Hindi walikuja Waarabu na Waswahili, wakaleta Uislamu na lugha hii ninayoitumia sasa, na kutoka kaskazini walikuja Warundi.

Inatupasa tuseme kweli kuhusu namna walivyofika. Wengine walikuja kwa hiari yao wakifuata biashara au samaki. Wengine walikuja wakiwa wapagazi wa misafara na askari wa matajiri wa misafara hiyo. Na wengine, wanaume, wanawake na watoto, walivushwa ziwa wakiwa mateka, wakauzwa Ujiji au kupitishwa Ujiji kwenda Tabora na pwani. Familia nyingi za mji huu zina chembe ya historia hizo tatu kwa pamoja, na si jambo la kuonewa aibu na yeyote isipokuwa waliofanya biashara hiyo. Soko la Ujiji lililokusanya watu hao lilikuwa na mpango wake. Chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki wakavu, nafaka za Buha na bidhaa za pwani zilibadilishwa hapo, na malipo madogo yalifanyika kwa shanga zilizoitwa sofi. Chumvi ilihitaji samaki, samaki walihitaji chumvi, watu wa milimani walihitaji vyote viwili. Mpaka leo ukikaa sokoni asubuhi utaona kwamba biashara hiyo haijabadilika sana isipokuwa kwa pesa inayotumika.

Na watu wa hapa nao walitoka. Wakati wa ukoloni reli iliyoleta meli ndiyo iliyowachukua vijana wa Kiha kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Watu wa Ujiji na Wamanyema walikwenda kaskazini wakaishi Bujumbura, na hata leo mtaa wa Buyenzi unazungumza Kiswahili. Kwa hiyo anayetafuta mpaka ulionyooka kati ya mwenyeji na mgeni katika ghuba hii atapata tabu kubwa, na kwa maoni yangu ni afadhali aache kuutafuta.

Ruhusuni nikae kidogo kwenye shughuli moja, kwa sababu ndani yake ukingo wa maji unaonekana kwa karibu kuliko katika kitabu chochote. Nazungumzia dagaa. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, wavuvi huingia ziwani na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Mwanga huwavuta dagaa juu, na wavu uliotandazwa chini huinuliwa ukiwa umewazunguka. Wakati wa mbalamwezi kazi husimama, kwa maana mwanga wa mwezi huwatawanya. Alfajiri mitumbwi hurudi mwaloni, na hapo kazi ya wavuvi inakwisha na ya akina mama inaanza. Wananunua kwa beseni, wanajadiliana bei haraka haraka kwa sababu dagaa hawangoji, kisha wanawatandaza juani. Wengine huanika juu ya mchanga, wengine juu ya vichanja vya miti na nyavu, na tofauti yake inaonekana sokoni: dagaa wa kichanja hawana mchanga na hupata bei nzuri zaidi. Kunapokuwa na jua kali huwa wamekauka kabla ya jioni. Mvua ikinyesha saa nane mchana, mama anakimbia na turubai, na asipowahi mtaji wa siku umeharibika.

Shughuli hiyo yote inahitaji kitu kimoja ambacho hakuna mpango wa mji ninaoufahamu unaokipa uzito unaostahili, nacho ni eneo tambarare lililo wazi, karibu na maji, lisilo na mwenyewe. Haiwezi kuhamishiwa mlimani. Beseni la dagaa wabichi ni zito, linavuja, na kila dakika linapoteza thamani. Dagaa wa Kigoma wanaosifiwa Dar es Salaam, Mwanza na hata nje ya nchi, hupita kwanza juu ya ukanda huo mwembamba.

Sasa kumbukeni yaliyotupata. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha ziwa hadi kufikia kilele mwaka 1964, kisha likashuka, na ufukwe ukarudi mpana. Kizazi kimoja kikakua kikidhani ufukwe huo ulikuwa pale daima. Watu wakajenga. Wengine walijenga kwa sababu hawakuwa na mahali pengine, wengine kwa sababu walipata vibali, na wengine kwa sababu mandhari ya ziwa inapendeza. Kuanzia mwaka 2020 maji yakaanza kupanda tena, mwaka 2021 yakafika viwango ambavyo havikuwa vimeonekana tangu miaka hiyo ya 1960, na mwaka 2024 yakawa juu tena. Yaliingia ndani ya nyumba, yakafunika barabara za mwambaoni na sehemu za kushushia mizigo. Wenzetu wa Burundi walipata mafuriko hayo hayo, na ufukwe wa Bujumbura uliumia kuliko wetu.

Wengi walisema ziwa limevamia mji. Mimi naona ziwa lilirudi mahali lilipowahi kufika, na mji ndio uliokuwa umelifuata. Aliyekuwa na nyumba ya matofali alipoteza nyumba, na hilo ni pigo kubwa. Lakini kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika taarifa yoyote ya maafa. Maji yalipopanda, ukanda wa kuanikia ulitoweka, na nyuma yake hapakuwa na nafasi ya kurudi, kwa sababu nyuma kulikuwa na kuta na uzio. Mama wa dagaa alibanwa kati ya ukuta wa mtu na mawimbi. Hakuwa na nyumba pale, hakuwa na hati, kwa hiyo hakuna aliyemhesabu kuwa amepoteza kitu.

Hapa ndipo ninapoigusa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa bahari au ziwa, au ukingo wa mto. Ni sheria nzuri na naiunga mkono. Kila mtu hapa amewahi kusikia habari za mita 60. Swali langu ni jepesi: mita 60 kutoka wapi? Afisa akipima mwaka ambao maji yako chini, anapata mstari mmoja. Akipima mwaka kama 2021, anapata mstari mwingine uliopanda juu, na katika uwanda wa Ujiji mistari hiyo miwili inaweza kutenganishwa na nyumba za mtaa mzima. Aliyejenga kwa kufuata kipimo cha kwanza ataambiwa amevunja sheria kwa kipimo cha pili. Sioni haki katika hilo, wala sioni mazingira yakilindwa.

Pendekezo langu ni kwamba tupime kutoka mahali maji yalipofika juu kabisa katika kumbukumbu ya watu walio hai, tukichukua kilele cha 1964 na vile vya 2021 na 2024, na tuuonyeshe mstari huo ardhini kwa nguzo za zege ambazo kila mtu anaziona, mwenye hati na asiye na hati. Chini ya mstari huo pasijengwe kitu cha kudumu, awe anayejenga ni mkulima, mwenye hoteli au taasisi ya umma. Nasisitiza hilo la mwisho, kwa sababu mara nyingi tumeona mwenye kibanda akiondolewa kwa jina la mazingira, na miaka michache baadaye pakasimama ukuta mrefu wa mtu mwenye uwezo. Ukanda wenyewe uachwe kwa shughuli zinazoweza kusogea pamoja na maji: vichanja vinavyobebeka, matengenezo ya mitumbwi, kufuma na kushona nyavu, soko la asubuhi. Kichanja kinang'olewa kwa siku moja na kusimikwa hatua 20 nyuma. Anayekitumia anajua ziwa kuliko ramani nyingi, na sheria inapaswa kumtambua kama mtu mwenye haki ya kuwa pale.

Najua litaulizwa swali la gharama. Serikali imekuwa ikiwekeza katika bandari za Kigoma, Kibirizi na Ujiji, na miundombinu hiyo haiwezi kubebeka kama kichanja. Ni sawa. Bandari ni lazima iguse maji. Lakini gati linaweza kujengwa kwa kuzingatia tofauti ya mita kadhaa kati ya miaka ya chini na miaka ya juu, na pembeni yake ikatengwa sehemu ya mitumbwi na ya waanikaji tangu siku ya kwanza ya mchoro, badala ya kungoja wafukuzwe ndipo watafutiwe mahali.

Kuna mambo mawili yanayotoka nje ya ukanda huo lakini yanaurudia. La kwanza ni milima. Vilima vinapofyekwa kwa kuni, mkaa na mashamba ya mteremko, mvua hushusha udongo. Luiche huonekana mwekundu wakati wa masika, na udongo huo hutua pale mto unapokutana na ziwa, ukizidi kupunguza kina katika sehemu ambazo tayari ni bapa na kuyafunika mawe wanayozaliana samaki wa pwani, ambao wengi wao hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Juhudi za kupanda miti na kutenga misitu ya vijiji zilizoanza katika vijiji vya karibu na Gombe miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba mteremko uliofyekwa unaweza kuvikwa tena. Michikichi nayo, ikipandwa kwa mpango, inashika udongo na kumpa mkulima mawese.

La pili ni joto. Maji ya chini kabisa ya ziwa letu hayana oksijeni lakini yana rutuba, na upepo wa kusi wa kuanzia Mei hadi Septemba ndio husaidia kuipandisha rutuba hiyo juu, ambako inalisha viumbe vidogo wanaoliwa na dagaa, nao dagaa wakaliwa na migebuka. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2003 walieleza kwamba tabaka la juu limepata joto, likawa jepesi, na kuchanganyika na maji ya chini kukapungua, na samaki pamoja nako. Ndiyo sababu mojawapo, pamoja na uvuvi uliozidi, iliyozifanya nchi zetu nne zikubaliane kupumzisha ziwa, na tukafunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024. Nafahamu jinsi miezi hiyo ilivyokuwa migumu mialoni. Ziwa lilihitaji mapumziko, nami sipingi, lakini miezi hiyo ya jua kali ndiyo miezi bora ya kuanika, na mama asiyekuwa na mtumbwi wala wavu alifunga kazi pamoja na wavuvi. Akihesabiwa mvuvi, ahesabiwe na mwanikaji.

Nikumbushe jambo moja kuhusu Kagunga, kwa sababu linaonyesha ufukwe mwembamba unavyoweza kugeuka kuwa jambo la uhai na kifo. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walikimbilia kijiji hicho, wenye mlima mkali nyuma yao na ziwa mbele. Hapakuwa na mahali pa vyoo wala maji safi ya kutosha, na kipindupindu kikaingia. Liemba, ile ile ya mwaka 1915, na boti nyingine ziliwaleta hadi hapa ghubani, wakapokelewa katika uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Haikuwa mara ya kwanza. Mwambao huu uliwapokea watu mwaka 1972, mwaka 1993 na mwaka 1996. Mji unaojua kwamba watu watakuja tena kwa njia ya maji unapaswa kuwa na ufukwe uliotengwa na ulio wazi wa kuwapokelea, na huo ni ukanda ule ule ninaouombea nguzo leo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, watu walioshuhudia maji ya 1964 wakiwa watoto bado tunao, na wapo hata ndani ya ukumbi huu. Wanaweza kutembea na wapima ardhi na kusema, hapa ndipo mtumbwi wa baba ulipofungwa, ule mwembe ulikuwa na maji shinani. Alama za 2021 na 2024 bado zinaonekana kwenye kuta. Naomba kazi ianzie Kibirizi, ifuate Katonga, kisha Ujiji penye uwanda mpana na kazi ngumu zaidi, na ifanyike kiangazi hiki kinachokuja, maji yakiwa yametulia na wazee wetu wakiwa bado na nguvu za kutembea mwambaoni. Walimu wa jiografia wa mji huu tuko tayari kushika kamba za kupimia pamoja na wanafunzi wetu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.